Naomba ushauri: santuri ya Earth, Wind & Fire inakwaruza mwishoni mwa kila upande

Wakuu, habari za jioni. Naombeni msaada kwa wenye uzoefu na santuri.

Nina LP (santuri ndefu) ya bendi ya Earth, Wind & Fire, That's the Way of the World ya mwaka 1975, niliyoinunua ikiwa imetumika. Upande wa kwanza unaanza na "Shining Star", na hapo besi na tarumbeta zinatoka safi kabisa. Sindano ikikaribia katikati ndipo balaa linapoanza. Kwenye "All About Love", wimbo wa mwisho wa upande huo, kila S ya mwimbaji Maurice White inachanika kama mafuta yanayokaangwa. Upande wa pili ni hivyo hivyo: "Reasons" inasikika vizuri, hata mwimbaji mwenzake Philip Bailey anapopanda juu kabisa, lakini "See the Light" imeharibika. Inaniuma, kwa sababu hii ndiyo albamu yao ninayoipenda kuliko zote.

Nimeiosha kwa sabuni laini, nimesafisha sindano kwa brashi, na uzito wa mkono unaobeba sindano nimeuweka gramu 2 kama kijitabu cha mashine kinavyoelekeza. Santuri yangu mpya nayo inakwaruza sehemu hiyohiyo, ila kidogo sana.

Sindano yangu ni ya ncha ya mviringo. Je, nikiweka ya duaradufu nitapata nafuu, au mifereji ya santuri yenyewe imeshalika? Na kabla sijatoa hela, nitatofautishaje hayo mawili nikiwa nyumbani?

Natanguliza shukrani.