Mama anastaafu: tumnunulie lulu au almasi? Vidole vyake vinamsumbua

Kitindamimba

Wakuu, naombeni ushauri kabla sijakosana na ndugu zangu.

Tuko watatu, mimi wa mwisho. Mama yetu ni muuguzi, anastaafu mwezi ujao baada ya miaka 34. Tumekubaliana tuchange tumnunulie kitu kimoja cha maana cha kuvaa. Makubaliano yakaishia hapo.

Kaka anataka pete ya almasi. Anasema Mama hakuwahi kuvaa pete kazini kwa sababu ya kunawa mikono na kuvaa glavu kutwa; hata pete ya ndoa alikuwa anaitundika kwenye mkufu na kuuficha ndani ya sare. Sasa mikono imepumzika, basi ipambwe. Dada anataka mtungo wa lulu, kwa sababu siku moja walipita dirisha la sonara, Mama akasimama akaziangalia lulu muda mrefu, halafu akasema tu, "Haya, twende." Mimi nimeona kidani cha lulu moja iliyozungushiwa almasi ndogo ndogo, nikadhani kitawaridhisha wote wawili.

Ila kuna jambo sijawaambia. Mama ana baridi yabisi ya vidole. Vifundo vimevimba, na pete yake ya ndoa haipiti tena. Wiki iliyopita nilimwona anahangaika na kifungo cha juu cha blauzi. Aliposikia naingia, akageukia ukutani ili nisione mikono yake.

Pili, lulu nilizoonyeshwa zimeandikwa "za kufugwa". Muuzaji mmoja kasema ni lulu halisi, mwingine kasema halisi ni za porini tu, nyingine zote ni bandia. Nimsadiki nani? Na almasi nitaijuaje, mimi ambaye sijawahi kununua hata hereni?

MezaYaSonara

Mdogo wangu, nimekaa kwenye meza ya usonara miaka 19. Nianze na pete, kwa sababu kaka yako ana nia njema, lakini pete itamtesa Mama.

Kifundo kikivimba, pete lazima ipimwe kwa kifundo. Ikishapita, pale chini kidole ni chembamba, kwa hiyo pete inazunguka na jiwe linalala upande. Tuna njia za kusaidia: tunaweka vitone viwili vya dhahabu kwa ndani viishike, au tunatengeneza pete yenye bawaba, inafunguka na kufungwa. Zinafaa kwa vidole vilivyotulia. Vidole vya baridi yabisi havitulii, asubuhi viko hivi, jioni vile. Nimewahi kukata pete kwenye kidole cha mtu kwa mkasi wetu wa kazi, analia, na haikuwa kwa maumivu. Usimpeleke Mama huko.

Kama almasi mnaitaka, iende masikioni. Na mkiinunua, fedha yenu muiweke kwenye ukataji kabla ya ukubwa. Karati ni uzito, karati moja ni gramu 0.2. Almasi ya duara ya karati moja iliyokatwa vizuri ina upana wa kama milimita 6.5. Ya nusu karati ina kama milimita 5. Umeona? Uzito umepungua nusu, upana haujapungua hata robo, na bei inashuka zaidi ya nusu. Iliyokatwa vibaya mwanga unavujia chini, unapata jiwe kubwa lililolala. Ndogo iliyokatwa vizuri inawaka hata mtu akiwa amekaa mbali.

Rangi zinapangwa kwa herufi kuanzia D, isiyo na rangi kabisa, hadi Z, yenye umanjano. Ikishawekwa kwenye hereni, G au H macho ya kawaida yanaiona nyeupe, na kwenye dhahabu ya njano unaweza kushuka zaidi bila mtu kugundua. Doa linaloonekana kwa kioo cha kukuzia mara kumi tu, lisikunyime usingizi.

Almasi za maabara ni almasi. Ni kaboni ileile, ugumu uleule. Kampuni ya General Electric ilifanikiwa kuzitengeneza mwaka 1954, si uchawi wa jana. Bei yake ni ndogo sana, ila usitegemee kuiuza baadaye. Kosa ni kuuziwa ya maabara kwa bei ya ya mgodini, kwa hiyo aina iandikwe kwenye risiti. Jiwe likiwa na cheti cha maabara inayoeleweka, kwa mfano GIA ya Marekani, mara nyingi namba ya cheti imechorwa kwa leza kwenye ukingo wa jiwe. Omba kioo, ulinganishe herufi kwa herufi. Na usitulizwe na kile kifaa cha kupima jinsi jiwe linavyopitisha joto pekee, jiwe la moisanaiti, linalofanana na almasi, linakipita.

Kuhusu lulu namwachia anayezijua.

MtungaLulu

Kitindamimba, niliposoma kwamba Mama amegeukia ukutani, niliweka sindano chini.

Kazi yangu ni kutunga lulu. Watu wananiletea mitungo iliyokatika, ya mama zao na bibi zao, na ninaitunga upya, fundo baada ya fundo. Kwa hiyo nitakuandikia kirefu, univumilie.

Lulu za kufugwa ni lulu halisi. Anayekwambia ni bandia ama hajui ama anataka kukuuzia kitu. Chaza anafunguliwa kidogo, anawekewa kipande cha ngozi ya chaza mwenzake, na kwa lulu za baharini anawekewa pia kishanga cha gamba. Kisha anarudishwa majini. Kuanzia hapo kazi ni yake: anakivika tabaka juu ya tabaka, miezi hadi miaka. Kokichi Mikimoto wa Japani alipata lulu zake za kwanza za kufugwa mwaka 1893, zilikuwa nusu duara, na karibu lulu zote zinazouzwa leo zimetoka kwenye ufugaji. Za porini zipo, ila ni adimu mno. Mwaka 1917 Cartier, kampuni ya vito, walipata jumba lao la New York kwa kubadilishana na mkufu wa lulu za porini wa nyuzi mbili. Anayetaka kukuuzia mtungo mzima wa lulu za porini akuonyeshe ripoti ya maabara iliyozipiga eksirei. Hana, mshukuru uondoke.

Bandia ni kitu kingine: kishanga cha kioo au plastiki kilichopakwa rangi. Mama mmoja aliniletea mtungo alioununua kwa bei ya lulu kwenye duka moja. Nilipokata uzi nikaweka tundu chini ya kioo cha kukuzia, nikaona rangi imejikunja pembeni ya tundu kama rangi ya kucha inayobanduka, na chini yake kioo kitupu. Nilimpa aangalie mwenyewe. Alikaa kimya, kisha akasema, "Nitungie tu." Nikamtungia. Tangu siku hiyo kila anayeniuliza namwambia aanzie kwenye tundu. Lulu halisi tundu lake ni dogo, ukingo wake safi. Halafu chukua mbili uzisuguanishe taratibu sana: halisi zinakwaruzana kama zina mchanga laini, bandia zinateleza. Hakuna haja ya kuziuma kwa meno dukani.

Ubora uutafute kwenye mng'ao. Sogea dirishani, upe taa za duka mgongo, uangalie mstari wa dirisha ndani ya lulu. Ukionekana mkali, kama kwenye kijiko kilichosuguliwa, nunua. Ukionekana kama nyuma ya moshi, au lulu ikawa nyeupe ya chaki, tabaka ni jembamba na litachakaa mapema. Vidoa vidogo visikusumbue. Mtungo usio na doa hata moja kwa bei rahisi ndio ungenitia wasiwasi. Na kabla ya kulipa, uulaze mtungo kwenye mkono wa mtu mwenye ngozi kama ya Mama. Kuna nyeupe zenye uwaridi, kuna zenye rangi ya maziwa, kuna zenye udhahabu, na trei ya muuzaji haitakwambia ipi itamkaa.

Sasa kile kidani chako. Ni kizuri, najua. Lakini almasi na lulu zinapokaa bega kwa bega, huwezi kuzitunza zote mbili. Almasi inashika mafuta ya ngozi, inataka maji ya uvuguvugu, sabuni na brashi. Lulu ya kidani imegundishwa kwenye kijiti kwa gundi: ukiiloweka gundi inalegea, na sabuni na brashi vinaifubaza ngozi yake. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs almasi ni 10, lulu haifiki 5. Hata zikilala kisanduku kimoja, asubuhi lulu imechubuka. Napokea vidani vya namna hiyo ambavyo almasi zimezimika kwa sababu mwenyewe anaogopa kuosha, au lulu imekufa kwa sababu ameosha. Zitenganisheni.

Nikija kwa Mama. Mtungo mfupi una kifungio nyuma ya shingo, na kifungio kidogo cha ndoano au cha duara kinataka kucha na vidole viwili vyepesi. Ataomba kufungwa kila siku. Kuna vya sumaku, ni rahisi, ila mtungo mzito unaweza kukivuta kikaachia, na mwenye kifaa cha moyo kifuani sumaku aiepuke.

Mimi ningemtungia mtungo mrefu usio na kifungio kabisa. Sentimita 80, unapita kichwani kama mtu anavyovaa fulana. Lulu za maji baridi, yaani za mitoni na ziwani, za milimita 7, na mafundo yake, zinaingia kama 105, na uzito ni kama gramu 50 tu. Za maji baridi nyingi hazina kishanga ndani, ni tabaka la lulu tupu, kwa hiyo zinavumilia kuvaliwa kila siku, na kwa urefu huo bei yake itawafaa kuliko za baharini.

Mtungaji aweke fundo la hariri kati ya kila lulu na lulu, usikubali vinginevyo. Uzi ukikatika itaanguka moja, si zote 105. Ukianza kuona uzi kati ya lulu na fundo lake, hariri imevutika, upeleke utungwe upya.

Kutunza ni kwepesi. Manukato na mafuta kwanza, yakauke, lulu mwisho. Akivua, azifute kwa kitambaa laini chenye unyevu. Azilaze, asizitundike. Asizifungie kwenye mfuko wa plastiki, zinakauka. Na azivae! Hii naisema kwa sababu nawajua akina mama wa kuweka vitu kabatini wakisubiri siku kubwa.

Mama anavaa miwani yenye mnyororo? Kama ndiyo niambie, vitasokotana.

MkonoMzito

Mwanangu, mimi ni mstaafu, na vidole vyangu ni kama vya mama yako.

Hereni wakinunua, wasimnunulie zile zenye kipande kidogo cha kusukuma nyuma ya sikio. Mimi sikisikii kwenye vidole. Cha mwisho kilidumbukia kwenye tundu la sinki, hereni nzima ikawa haina kazi. Zile za ndoano yenye kifungo cha bawaba, kinachojifunga kwa kubanwa mara moja, naziweza hata siku mbaya.

Jambo jingine, msimweleze kwamba mmechagua hivi kwa ajili ya vidole. Mpeni tu. Akiutia mtungo kichwani mwenyewe bila kumwita mtu, ataelewa, na hatalazimika kusema chochote.

Kitindamimba

Shikamoo Mama MkonoMzito, na asanteni sana wote. MtungaLulu, miwani anavaa, haina mnyororo.

Jana nilikaa na ndugu zangu nikawaeleza habari ya kifungo cha blauzi. Dada alikuwa anajua. Kaka hakujua, akanyamaza, kisha akauliza hereni za almasi za ndoano zinapatikana wapi, na kwamba hizo atalipa yeye peke yake. Ziwe ndogo, za kukatwa vizuri, zenye kisanduku chake mbali na lulu.

Mtungo ni wetu sote. Nilikata uzi wa sentimita 80 nikaufunga duara, nikamvisha dada, maana kimo chao ni kimoja. Ulipita, lakini Mama anapenda kufunga kitambaa kichwani, na dada alipofunga cha Mama uzi ukakwama sikioni kidogo. Nimejaribu tena kwa 84, umepita bila kugusa chochote na kulala vizuri chini ya kifua.

MtungaLulu

84 basi. Mwambie mtungaji aongeze lulu tano.