Nifauluje takwimu nikiwa mwanafunzi wa sosholojia?

Swali: Habari zenu. Nasoma sosholojia hapa Dar es Salaam, na mwaka huu nalazimika kufaulu somo la takwimu ilhali tangu sekondari sipendi hisabati. Nianzie wapi?

Jibu: Mdogo wangu, anza na asilimia na wastani, ukitumia takwimu za jamii unayoisoma: Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini, na kati yao 5,383,728 walikuwa mkoani Dar es Salaam, yaani takriban asilimia 8.7. Ikokotoe asilimia hiyo mwenyewe kwa mkono.

Swali: Asante sana. Je, kukariri kanuni kunatosha?

Jibu: Hakutoshi hata kidogo, kwa kuwa utakapofanya utafiti wako utahitaji kueleza kwa nini uliteua sampuli fulani, yaani kundi dogo la watu linalowakilisha jamii nzima, na si nyingine. Fanya mazoezi na wenzako wanaosoma uchumi.