Je, kuota nikijitambua kunaweza kuniongezea uwezo katika sataranji?

Mchezaji wa Isevya, Tabora:
Salamu kwenu, ndugu zangu. Ninacheza sataranji hapa Tabora, ambapo wapinzani wangu wa kweli wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na kazi hainiachii muda wa mazoezi mchana. Nimesoma kwamba mtu anaweza kujizoeza kutambua, akiwa bado usingizini, kwamba anaota, kisha akaielekeza ndoto atakako. Je, nikiweza kuutandaza ubao ndotoni na kucheza usiku, nitaamka nikiwa mchezaji bora zaidi?

Mwana Ujiji:
Ndugu wa Isevya, jambo lenyewe ni la kweli. Mwaka 1975 mtafiti Keith Hearne, huko Uingereza, alirekodi ishara za macho alizotoa mwotaji kwa kukusudia, kama walivyokubaliana kabla ya kulala, na Stephen LaBerge akaliendeleza suala hilo katika Chuo Kikuu cha Stanford. Mwaka 2010 Daniel Erlacher na Michael Schredl walichapisha utafiti ambamo waliofanya mazoezi ndotoni ya kurusha sarafu kwenye kikombe waliongeza shabaha walipoamka. Hata hivyo, kulenga shabaha ni kazi ya mwili, ilhali sataranji hudai ubao usiobadilika. Waotaji wengi hujipima kwa kusoma maandishi mara mbili, kwa sababu ndotoni maandishi hubadilika unapoyarudia. Sasa fikiria farasi uliyemwacha mraba wa f3 (herufi ni safu ya ubao, namba ni mstari wake) akikutwa g5 bila kuguswa na mtu! Isitoshe, mpinzani wako huko ni akili yako mwenyewe, kwa hiyo shambulio usilolijua hatalijua wala hatakuadhibu kwa kosa usiloliona.

Mwalimu wa Mwanga, Kigoma:
Ninakubaliana na ndugu wa Ujiji kuhusu ubao, lakini nisingeifunga milango yote. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, baadhi ya waotaji waliulizwa hesabu ndogo, kama 8 kutoa 6, wakajibu kwa macho bila kuamka. Kwa hiyo akili haizimiki kabisa, ingawa kutoka hapo hadi kupiga hesabu ya hatua kumi za sataranji ni safari ndefu. Mimi naona faida kwa yule anayetetemeka mbele ya watu: anaweza kuketi mezani ndotoni na kuizoea hofu hiyo. Anayetaka kujaribu huamka baada ya kulala saa tano au sita, akakaa macho kidogo, kisha akarudi kulala huku akijikumbusha kwamba atatambua anapoota, kwa kuwa ndoto ndefu huja karibu na alfajiri. Usifanye hivyo kila usiku, maana usingizi uliokatwakatwa hupunguza umakini na huathiri kumbukumbu, na bila hivyo viwili hakuna sataranji.

Mchezaji wa Isevya, Tabora:
Nimewaelewa, na ninawashukuru. Nifanye nini basi usiku, kama si hilo?

Mwana Ujiji:
Cheza bila kutazama ubao, ukiwa macho. Miguel Najdorf, mchezaji mashuhuri wa sataranji, alicheza hivyo dhidi ya wapinzani 45 kwa mkupuo mmoja huko São Paulo mwaka 1947; sisi tuanze na kidogo. Kwanza taja rangi ya kila mraba bila kuchungulia: f6 ni mweusi, c4 ni mweupe. Kisha mtoe farasi a1 umfikishe h8, safari inayohitaji angalau hatua sita. Zitafute kichwani taa ikiwa imezimwa, na asubuhi uzihakikishe ubaoni.