Mliosema "loweka tu kwenye maji ya moto", njooni muone mlichonifanyia

Wakuu, salamu tutapeana siku nyingine. Leo nimekuja kugombana.

Miezi miwili iliyopita niliuliza hapa swali la kistaarabu kabisa. Marehemu mjomba aliniachia boksi la barua za zamani, bahasha kama arobaini, na nilitaka kujua namna ya kubandua stempu bila kuziharibu. Dakika tano hazikuisha nikajibiwa: chemsha maji, tia sabuni ya vyombo, tumbukiza, subiri dakika kumi, vuta. Mwingine akaongeza kwamba mwenye haraka ashikilie bahasha juu ya mvuke wa birika. Watu wakamwaga dole gumba kama mvua. Hakuna hata mmoja, hata mmoja jamani, aliyeniuliza: stempu zenyewe ni zipi?

Na mimi bwege nikafuata. Nikakata pembe za bahasha nyingi, nikajaza beseni, nikatumbukiza vipande thelathini na kitu kwa mpigo, nikaenda kupiga simu. Niliporudi maji yalikuwa mekundu kama umefua kitenge kipya. Kumbe humo ndani kulikuwa na vipande vya bahasha nyekundu, zile za kadi za sikukuu, na rangi yake imetoka yote ikaingia kwenye stempu za watu wengine wasio na kosa. Nina stempu za ndege hapa, ndege weupe, sasa wote ni waridi. Bahasha ya rangi, au yenye muhuri wa wino wa zambarau, hulowekwa peke yake, kwenye maji baridi, na unasimama hapo hapo unaitazama. Sentensi moja tu hiyo. Mngekufa mkiiandika?

Lakini hao ndege nimewasamehe. Kilichonitoa machozi ni stempu ya Malkia Victoria, ya kijani, ya peni nne, kutoka lile toleo la Uingereza la 1883 na 1884 linalojulikana kwa rangi zake mbili, zambarau na kijani kilichofifia. Niliiona kwa macho yangu ikitoa rangi. Ilikuwa inatoka taratibu pembeni mwa stempu kama moshi wa ubani, nikadhani ni uchafu, nikafurahi kwamba inasafishika! Nilipoinua kwa kibano, uso wa malkia umebaki kama kivuli, na kijani chenyewe kimegeuka kitu fulani cha manjano ya maji ya mchele.

Sasa sikilizeni, maana hili nimelijua wakati maji yameshamwagika. Wino ule ulitengenezwa kwa makusudi utoke ukiguswa na maji. Posta walikuwa wanapambana na wajanja waliofuta muhuri na kutumia stempu upya. Shida hiyo ilianza na stempu ya kwanza kabisa duniani, Penny Black ya 1840: ilikuwa nyeusi na ikapigwa muhuri mwekundu, na ule muhuri mwekundu ulifutika kirahisi. Mwaka uliofuata wakageuza, stempu ikawa nyekundu na muhuri mweusi. Miaka arobaini baadaye wakaja na hizi wino za kuchuja, kwamba mtu akijaribu kuosha muhuri, picha nayo iondoke. Yaani mimi mwaka huu, ndani ya beseni langu, nimenaswa na mtego uliotegewa wezi wa karne ya 19. Na mliniongezea sabuni ya vyombo!

Makoloni mengi ya Uingereza nayo yalichapiwa stempu kwa wino za aina hiyo, nyingine kwenye karatasi yenye tabaka la chaki juu. Hizo hata rangi isipotoka, ukipitisha kidole usoni zikiwa zimelowa, picha inang'oka na chaki yake. Halafu mtu anakwambia "sugua kidogo kwa kidole gumba gundi itoke". Sugua nini wewe?

Mvuke nao, kwa kuwa mliusifia sana. Joto la birika huwezi kulipima. Linakunja karatasi, linaua mng'aro wa uso, na gundi inalainika sehemu moja huku nyingine bado imeshika, basi ukivuta unabaki na nusu ya stempu na nusu ya karatasi ya nyuma. Nilijaribu kwa mbili. Moja imepoteza meno matatu, yale ya ukingoni, upande wa kushoto, nyingine ina shimo jembamba mgongoni ambalo ukiiinua kwenye mwanga unaliona kama dirisha. Wakusanyaji huangalia mgongo kabla ya uso, hilo nalo hamkusema.

Ila haya yote ni cha mtoto. Kosa kubwa zaidi lilitokea kabla sijachemsha hata tone.

Nilipoona nimeharibu, nikapeleka mabaki kwa mzee mmoja anayekusanya stempu tangu ujana wake. Akazipitia kwa lenzi, kimya, akafika kwenye moja ambayo kwa bahati ilipona, nzima kabisa, rangi safi. Nikajiandaa kusifiwa. Akaniuliza, "Mwanangu, bahasha yake iko wapi?"

Nikamwambia nimeitupa, mzee.

Akavua miwani. Hakusema kitu kwa muda mrefu, na mimi nikatamani anigombeze tu yaishe. Baadaye akanieleza: ile stempu peke yake ni ya kawaida, zimejaa duniani. Lakini ilikuwa kwenye bahasha iliyopita posta tatu, kila moja imepiga muhuri wake wa tarehe, mmoja ukiwa nyuma. Bahasha nzima ilikuwa inasimulia safari ya barua hiyo, siku kwa siku. Wapo wanaokusanya hizo tu, na mara nyingi bahasha nzima ina thamani kuliko stempu iliyokatwa kutoka kwayo. Mimi nimetoa jino nikatupa taya.

Kwa hiyo jibu sahihi la swali langu la siku ile lilikuwa: usibandue. Kwanza angalia. Bahasha ni ya zamani? Muhuri unasomeka? Umeangukia nusu kwenye stempu na nusu kwenye bahasha? Iache kama ilivyo, weka mahali pakavu, tafuta anayejua. Na stempu ambayo haijatumika, bado ina gundi yake ya kiwandani mgongoni, hiyo usiioneshe maji kabisa, kwani gundi ni sehemu ya thamani yake.

Nimejua pia kwa nini zile mpya mpya za kujibandika zilikaa beseni saa nzima bila kutikisika, hadi nikazichana kwa hasira. Stempu za kujibandika si za jana, Sierra Leone walitoa zao 1964. Ila zipo ambazo chini ya gundi zina tabaka linaloyeyuka kwa maji, hizo utazipata ukivumilia, na zipo ambazo hazina. Nyingi za Marekani za tangu miaka ya mwanzo ya 2000 hazina, hata uzilaze usiku kucha. Wakusanyaji wengi hukata karatasi ikiizunguka stempu wakaihifadhi hivyo hivyo. Wengine hulowesha mgongo kwa kimiminika cha kujazia viberiti vya utambi, wanabandua taratibu, kisha wanapaka poda ya talki kuua kunata. Hicho kinalipuka, msikitumie jikoni karibu na moto, maana nawajua, mtakuja kunilaumu mimi.

Na kwa zile za kawaida, zenye gundi ya zamani ya kulamba, ambazo kweli hulowekwa, mzee amenionesha na nimefanya mwenyewe. Unakata karatasi ukiacha nafasi ya kidole pande zote ili mkasi usiguse meno. Maji ya vuguvugu, yale usiyoyahisi ni moto wala baridi. Stempu chache, zimeangalia juu, zinaelea. Baada ya robo saa au nusu, nyingine zinaachia zenyewe, zinateleza. Isiyoachia inasubiri, huilazimishi. Na hapa ndipo wengi tunapokosea mkono: unaivua karatasi kutoka kwenye stempu, huivui stempu kutoka kwenye karatasi. Ukikunja, kunja karatasi. Kisha maji ya pili safi, maana gundi iliyobaki mgongoni ndiyo itakayoigandisha kwenye albamu. Unailaza kifudifudi kwenye karatasi ya kufyonza maji, ikikaribia kukauka unaiweka chini ya kitabu kizito hadi kesho. Kibano kiwe kile cha ncha bapa, si cha nyusi.

Zile za kutia shaka, mzee huziweka kwenye kopo lenye mfuniko, sponji yenye unyevu chini, wavu juu yake, stempu juu ya wavu bila kugusa maji. Unyevu unapanda polepole hadi gundi inalegea, yeye huchungulia kila baada ya saa moja. Kopo na sponji. Malkia wangu angekuwa hai.

Sasa yule mkuu wa maji ya moto na sabuni, najua bado upo, jana nimekuona unamshauri mtu mwingine vile vile. Njoo hapa useme: umewahi kubandua stempu ngapi maishani mwako? Za mwaka gani? Kama ulisikia tu kwa mtu, sema ulisikia.

Mimi nimebakiwa na bahasha nane ambazo sikuwahi kuzikata. Zipo kabatini, hazijaguswa, na kesho kutwa mzee anakuja kuzitazama.

Na wewe uliyenitumia ujumbe asubuhi hii kwamba zile zilizojikunja nizinyooshe kwa pasi, nimeusoma.