Mjadala: Mtoto akiwa mahututi, neno la mwisho ni la mzazi au la mahakama?

Wana Tanga wenzangu, jambo hili nimekaa nalo tangu mwaka juzi. Leo naliweka barazani.

Uingereza, madaktari na wazazi wakishindwana juu ya mtoto aliye kwenye mashine ya kupumulia, shauri huenda kwa jaji. Anachopima jaji ni maslahi ya mtoto, hata kama wazazi wanataka vingine. Mwaka 2017 ilikuwa zamu ya mtoto mchanga, Charlie Gard. Wazazi wake walichangiwa zaidi ya pauni milioni 1.3 wampeleke Marekani kwa tiba ya majaribio. Madaktari wake wa London walisema tiba hiyo haitamfaa, na yumkini anahisi maumivu asiyoweza kuyaonyesha. Wazazi walishindwa kila ngazi, mpaka Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Charlie alifariki Julai 28, siku chache kabla ya kutimiza mwaka.

Niliposikia habari hiyo nilisema wamemnyang'anya mtu mwanawe. Kisha nikasoma ya Tafida Raqeeb, binti wa miaka mitano wa familia ya Kiislamu. Oktoba 2019 jaji wa nchi hiyohiyo aliwapa wazazi ushindi. Tafida hakuonekana kuwa na maumivu, na hospitali ya Genoa, Italia, ilikuwa tayari kumpokea. Akaenda. Kwa hiyo mahakama haimkatalii mzazi kila mara. Inauliza mtoto anaumia kiasi gani.

Nasi swali hilo tunalo kisheria. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 4, inataka maslahi bora ya mtoto yatangulizwe, iwe mahakamani au kwenye taasisi nyingine.

Sasa yaliyonikuta. Mtoto wa dada yangu, miaka mitatu, alilazwa hospitali moja Dar es Salaam, anapumua kwa oksijeni. Daktari alisema figo zimekufa na hakuna tena la kufanya. Kikao cha ukoo kikakaa Ngamiani, hapa Tanga: bibi, baba wakubwa, wajomba, mimi nikiwemo. Dada yangu alikuwa kwenye kanga sakafuni kando ya kitanda cha mwanawe, siku ya kumi na moja. Hakuna aliyempigia simu kumuuliza. Tukaamua mtoto arudishwe nyumbani. Kila mmoja alitaja Mungu, lakini kilichoamua ni deni la hospitali. Dada akaletewa karatasi, akasaini. Mtoto alikata roho kabla hatujafika Segera, analia, bila hata dawa ya maumivu.

Ndiyo maana mtu akisema "haki ya mzazi" namuuliza: mzazi yupi? Mimi nataka mlango wa mahakama uwepo, na kwanza kabisa kwa ajili ya mama kama yule, ambaye ukoo umeshamsemea.

MZEE WA CHUMBAGENI: Pole sana mwanangu. Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Hakimu hajakesha na homa ya mtoto huyo hata usiku mmoja. Mkikosea kikaoni, tengenezeni kikao. Msiipe serikali mtoto wenu.

BINTI PANGANI: Shikamoo mzee. Kaka, mimi kesi ya shamba la marehemu baba ina miaka sita. Mtoto wa oksijeni atasubiri tarehe ngapi?

NESI MSTAAFU, MUHEZA: Mnabishana juu ya hakimu, mimi nimeganda pale mliposema analia njiani. Kuacha tiba isiyosaidia si kumwacha mtoto. Kuna tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mgonjwa mateso, kuna mofini ya maji ya kunywa, dawa ya maumivu makali, mtoto anapewa kipimo chake na mama anafundishwa kumpa nyumbani. Kabla ya ile karatasi kusainiwa, mtu wa ustawi wa jamii alipaswa kuitwa, deni lizungumzwe pembeni, na mama aelezwe njia zote.

MLETA MADA: Shikamoo mzee. Kikao nakiheshimu, nimelelewa nacho, lakini kile hakikuwa na mtu hata mmoja aliyemwona mtoto wiki ile. Dada wa Pangani, hapo umenishika, mahakama zetu haziendi kwa kasi ya pumzi ya mtoto. Basi ianze alikosema nesi: daktari, mama, baba na ustawi wa jamii wakae meza moja, na wakishindwana jaji asikilize siku hiyohiyo, kama wafanyavyo wenzetu kwa dharura. Nesi, kuhusu dawa sina la kujitetea. Sikujua hata kama ipo, na sikuuliza.

Haya nimemsomea dada kabla ya kuyaweka hapa. Alisema angeulizwa, asingekataa kurudi nyumbani. Angeomba siku mbili tu, mumewe arudi kutoka dago, kambi ya wavuvi, amwone mwanawe.