Stephan Balkenhol hapigi msasa. Ni makusudi au haraka?

PatasiGikomba
Hamjambo wadau. Nachonga hapa sokoni Gikomba, Nairobi, hasa mti wa jakaranda. Nimeonyeshwa picha za kazi za huyu Mjerumani: mwanamume wa shati jeupe na suruali nyeusi, amesimama tu, hacheki wala hanuni. Alama za patasi zimejaa mwili mzima, mti una nyufa, na anapokanyaga ni gogo lilelile alimochongwa. Mimi nikipeleka kazi kwa dalali bila msasa na rangi ya viatu, narudi nayo. Je, yeye anafanya makusudi?

MamaKanvasi
Makusudi kabisa, kaka. Alizaliwa Fritzlar mwaka 1957, akasomea Hamburg kwa Ulrich Rückriem, ambaye hupasua mawe makubwa na kuacha mipasuko ionekane. Sanaa isiyo na sura ya mtu ndiyo iliyotamba wakati huo, lakini Balkenhol akairudia sura ya mtu. Si mfalme wala shujaa, ni mtu yeyote.

Tazama uso kwa karibu. Shati limepakwa rangi, macho na midomo pia, lakini ngozi mara nyingi ni mti wenyewe. Ukiusugua kwa msasa, ngozi hiyo inakufa! Tena mti anaoutumia sana ni wawa wa Afrika Magharibi, mwepesi na laini.

Frankfurt kuna pengwini wake 57, wa mwaka 1991, kila mmoja juu ya kigogo chake, na kila mmoja ana mkao wake. Nikikumbuka safu za twiga wanaofanana kwenye maduka yetu ya watalii, naumia. Mikono ya kuchonga tofauti tunayo.

FundiMzee
Kuhusu nyufa, kijana wangu: gogo likiwa na kiini, nje hukauka na kusinyaa kabla ya ndani, ndipo hupasuka. Yeye huziacha. Ukitaka zipungue, toboa kiini kutokea chini, paka nta kwenye ncha, ukaushe kivulini polepole.

PatasiGikomba
Shukrani mzee, shukrani dada. Nataka kumchonga makanga wa matatu, fulana nyekundu, uso niuache mti mtupu. Rangi gani haitaziba alama za patasi?

MamaKanvasi
Akriliki, izimue kwa maji, upake mara moja tu. Na huyo makanga usimpeleke kwa dalali kabla hujatuwekea picha hapa.