Naomba ushauri: filamu zinateleza mno kwenye runinga mpya

Habari zenu wakuu. Naombeni msaada, nimekwama.

Nina runinga mpya ya 4K, inchi 55, hezi 60 (yaani kioo huonyesha picha upya mara 60 kwa sekunde). Gemu zinapendeza mno: maji, vivuli, hata nywele za wahusika unaziona moja moja. Shida ni filamu. Picha inateleza kupita kiasi, kila kitu kinafanana na tamthilia za kila siku, ile ladha ya sinema imepotea kabisa. Inaniuma, maana filamu ndizo zilizonifanya niinunue.

Najua filamu nyingi hupigwa kwa fremu (picha moja moja) 24 kwa sekunde, na runinga inajiongezea fremu za katikati. Nimezima kipengele cha kulainisha mwendo. Utelezi ukaisha, lakini sasa kamera ikizunguka taratibu picha inakatakata. Nimebadili waya wa HDMI, hakuna tofauti.

Je, kukatakata huku kunatokana na fremu 24 kutogawanyika sawasawa kwenye hezi 60, au kuna mpangilio nimeukosea? Na kwenye king'amuzi cha intaneti ninachotazamia filamu, nichague hezi 24 au niache 60?

Natanguliza shukrani.